Kinanda Kilichoiga Saksafoni

Nakumbuka asubuhi moja pale Thika, mwanangu, mwenye hoteli tulimokuwa tukipiga muziki alipotuletea sintesaiza. Hatukuwa tumewahi kuiona. Kinanda kisicho na nyuzi wala filimbi ndani, sauti yote inatokana na umeme mtupu. Mimi ndiye niliyekuwa mpiga kinanda wa bendi, msichana pekee kati ya wanaume.

Wewe huko Juja una kila sauti ndani ya simu. Ile mashine ilitoa noti moja tu kwa wakati. Ukibonyeza mbili, moja inanyamaza. Tena ikipata joto, sauti inateleza yenyewe, inabidi uisubiri itulie.

Mwenye hoteli akanivuta kando. "Wambui, ifundishe kulia kama saksafoni. Ukiweza, Kamande hatutamhitaji."

Kamande alikuwa mpiga saksafoni wetu, mtu wa makamo mwenye watoto shuleni. Hata hivyo, vidole vilikuwa vinaniwasha. Nilitaka kujua kile kitu kinafanyaje kazi. Kila nikipata nafasi nilizungusha vitufe vyake, nikisikiliza sauti ikinenepa, ikikonda, ikikoroma. Siku nilipoipata saksafoni, au kitu kinachokaribiana nayo, niligeuka nikamkuta Kamande mlangoni. Alikuwa amesikia.

Nilidhani atafoka. Akavuta kiti, akakaa.

"Sawa, umeniiga," akasema. "Lakini saksafoni mimi ninayo tayari. Hebu nipigie sauti ambayo siwezi kuipiga."

Sikuwa nayo. Kusema kweli, hata wazo la kuitafuta halikuwa limenijia. Basi tukaitafuta pamoja, yeye akiuliza, "Na hiki nacho, ukikizungusha?" mpaka chai yake ikapoa mezani. Mwishowe ikatoka sauti ndefu, nzito, inayopanda polepole kama upepo unaoingia chini ya mabati, kisha ikatawanyika. Kamande akacheka peke yake. Akachukua saksafoni, akapiga juu ya sauti ile.

Jumamosi tuliipiga hivyo mbele ya watu. Waliacha sahani zao wakasogea jukwaani, wengine wakiinama kuchungulia nyuma ya kinanda waone sauti inatoka wapi. Mwenye hoteli alitazama kutoka kaunta, na habari za kumwondoa Kamande sikuzisikia tena. Tulipiga pamoja miaka mingi, hadi kifua chake kilipochoka akarudi kwao Mugutha.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu, kitu kipya kikifika mikononi mwako, usianze kwa kuuliza kitamwondoa nani. Keti nacho. Kizungushe, kisikilize, utafute kile ambacho bado hakuna aliyekisikia. Na ukiona mwenzako anakiogopa, mvutie kiti. Atauliza jambo ambalo wewe hukulifikiria.

Mungu akulinde huko uliko, akupe masikio mazuri, akupe na watu wa kupiga nao mpaka uzeeke kama mimi.