Cheti cha Polisi kwa Jina la Kuazima

Niseme mapema ili usisubiri: cheti nilikipata, na kazi niliipata. Anayetaka kunipongeza asome kwanza.

Nilikuwa kwenye mwaka wa saba Omani, ndani ya nyumba ya watu, nasugua masufuria na kulea watoto ambao sasa wananizidi kimo. Mimi ni muuguzi. Nilisomea, nikahitimu, nikakaa nyumbani Kasulu miaka mitatu nikingoja ajira, mpaka nikawa nazunguka njia ya nyuma nisikutane na jirani wa kuniuliza kama bado nangoja. Ndipo nikaenda Uarabuni kufua nguo. Sasa hospitali moja ya huko huko ikakubali kunichukua, wodi ya wazee, sare nyeupe, chumba changu mwenyewe, siku ya kupumzika. Kulikosekana kitu kimoja tu: karatasi ya polisi wa nyumbani inayosema sijawahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote. Walinipa siku sitini. Zikipita, nafasi inakwenda kwa mwingine na mimi nabaki na masufuria yangu.

Nilicheka. Kosa, mimi? Mimi ambaye hata foleni ya maji sijawahi kumruka mtu? Nikaenda kituo cha polisi cha kule, wakanipaka wino vidole vyote kumi, nikaituma ile karatasi kwa dada yangu mkubwa anayeuza maharage sokoni Kasulu. Dada hajui maana ya kushindwa. Aliifikisha panapohusika, kisha akawa anapiga simu kila asubuhi kuulizia, mpaka nadhani walikuwa wakiiona namba yake wanapeana simu.

Siku ya ishirini na tatu akanipigia, na hakunisalimia. Alisema jina langu limekutwa kwenye kumbukumbu. Mwanamke mwenye jina hilo, binti wa baba huyo, mwenyeji wa kijiji cha Murungu kama vyeti vyangu vinavyosema, alihukumiwa miaka minne iliyopita akafungwa miezi sita. Kosa lake ni kuishi nchini bila kibali. Mhamiaji haramu, eti.

Dada alidhani nitamwambia wamekosea. Sikuweza kusema hivyo, kwa sababu wote wawili tulijua kwamba lile jina mimi nililiazima.

Inabidi nieleze, na Waha wenzangu wa Kasulu na Kibondo wanivumilie, maana wengi wao wameshanielewa. Nilifeli darasa la saba. Kwa sheria ukifeli umefeli, hakuna kurudia. Kwa ukweli wa mambo, nusu ya tuliosoma tulirudia. Unahamia shule ya mbali ambako sura yako haijulikani, unakalia dawati la mtoto aliyeacha shule, na asubuhi mwalimu akiita mahudhurio unaitikia jina lake. Jina lilikwisha kuandikishwa kwa ajili ya mtihani na mtoto hayupo; mwalimu mkuu aliona hasara kuliacha lilale bure. Shangazi yangu alikuwa ameolewa Murungu, kule Kibondo. Jirani yake alikuwa na binti wa rika langu, aliyetolewa shule kulea wadogo zake baada ya mama yao kufariki. Wazazi wangu wakamfuata yule baba na dumu la pombe ya ndizi. Akasema hana neno, jina haliliwi likaisha. Binti mwenyewe hakuulizwa. Alinipa na sketi yake ya shule, na ikanibana kiunoni.

Nikafaulu. Sekondari nilisoma kwa jina hilo, chuo cha uuguzi hivyo hivyo. Cheti cha kuzaliwa kikatafutwa kifanane na vyeti vya shule, kikafuata kitambulisho cha taifa, ikafuata pasi ya kusafiria. Jina nililopewa siku ya kuzaliwa likabaki la kuitiwa chakula. Sikuwahi kuona kwamba nimeiba. Kila darasa lilikuwa na watu wa namna yangu, na wengine leo ni wakubwa maofisini.

Sasa ona roho yangu ilivyo. Jambo la kwanza nililolisema, dada akiwa bado kwenye simu, ni kwamba yule mwanamke amenichafulia jina langu. Langu! Nilimtukana mtu ambaye nilikuwa sijamkumbuka kwa miaka ishirini.

Nikaomba ruhusa ya wiki mbili, mama mwenye nyumba akanung'unika siku nzima halafu akanipa, nikapanda ndege.

Ofisa wa polisi niliyeonana naye alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kusikiliza. Alinionyesha kwamba vidole vyangu havina tatizo, havifanani kabisa na vya yule aliyefungwa. Tatizo ni jina. Wanawake wawili, jina moja, baba mmoja, kijiji kimoja. Haiwezekani, kwa hiyo mmoja wao anadanganya. Akaitazama pasi yangu, akatazama na vyeti vyangu vilivyopangwa vizuri ndani ya bahasha, na nikaona kwamba ameshaamua ni yupi. Akanielekeza njia fupi. Nimtafute huyo mwanamke, aape mbele ya wakili kwamba jina lile si lake, kwamba alilitaja tu siku aliyokamatwa. Hati ya kiapo ikifika mezani kwake, cheti changu kinatoka ndani ya siku chache.

Kisha akaniuliza, "Au kuna jambo ungependa kuniambia, mama?"

Lilikuwapo. Lakini kulisema ni kusema kwamba cheti cha kuzaliwa ni cha uongo, na cha sekondari, na cha uuguzi, na pasi iliyokuwa mkononi mwake. Nilijiona natoka pale na pingu.

"Hapana, afande," nikasema.

Asubuhi iliyofuata nikapanda basi la Kibondo. Nilipofika sikwenda Murungu moja kwa moja. Niliingia kwanza kwenye duka la kuchapisha, nikamtajia maneno mwenye kompyuta, akanichapia ile hati: mimi fulani, ninaapa na kuthibitisha kwamba jina nililohukumiwa nalo si jina langu. Pale pa jina lake halisi, kwa kuwa sikujua aandike nini, akaweka nukta nukta. Nikaikunja nikaitia kwenye mkoba. Naliandika hili makusudi, ili asije mtu akasema nilikwenda kwanza kumsikiliza.

Nilimkuta anaanika mihogo kwenye turubai mbele ya nyumba. Alinitambua kabla sijashuka kwenye pikipiki, akaniita kwa jina langu la utotoni, akanisalimia Kiha, akaniuliza habari za safari. Njia nzima nilikuwa nimejipanga kufoka. Nilimuuliza, bila hata kuketi, ilikuwaje akakamatwa, kwa nini hakuonyesha kitambulisho kama watu wengine.

Hakuacha kazi yake. Alinisimulia huku anageuza mihogo, kipande baada ya kipande, na sauti yake haikupanda hata mara moja.

Waandikishaji wa vitambulisho walipokuja kwenye kata, alipanga foleni siku mbili. Akataja jina lake, la baba yake, kijiji chake, shule yake. Wakatafuta, wakaona ameshaandikishwa.

"Wakanigeuzia kompyuta nikuone," alisema. "Ulikuwa umependeza."

Akawaeleza kwamba huyo kwenye picha alisoma kwa jina lake. Wakamtaka alete cheti cha shule. Cheti kiko kwangu, na picha iliyobandikwa ni yangu. Baba yake alikuwa ameshakufa, mwalimu mkuu amehamishwa hajui wapi. Alibaki shangazi yangu. Shangazi akaitwa kwa mtendaji wa kijiji, akasimama mbele ya watu akasema yeye habari za majina ya watoto wa watu hazijui. Shangazi yangu huyo huyo aliyenifunga vifungo vya ile sketi. Mwandikishaji akamshauri yule mwanamke kwa wema kabisa arudi nyumbani, maana akiendelea kudai jina la mtu atajiletea matatizo.

Akarudi. Akaishi bila kitambulisho, bila laini ya simu ya jina lake, akienda zahanati na barua ya mwenyekiti wa kitongoji iliyochakaa. Siku moja akapanda basi kwenda Kasulu kununua mbegu, mtoto mgongoni. Basi likasimamishwa, wasio na vitambulisho washuke. Wenzake walikuwa na hiki na kile. Yeye alikuwa na Kiswahili chake cha Kiha, na kwa mgeni wa huku Kiha na Kirundi ni kitu kimoja. Akataja jina. Wakaangalia, wakamwambia jina hilo lina mwenyewe, na mwenyewe yuko nje ya nchi. Na kwa kuwa hakuwa na lingine la kutaja, wakamfungulia kesi kwa hilo hilo.

Mtoto alichukuliwa na mdogo wake wa kike, akaachishwa ziwa kwa uji. Miezi sita ilipokwisha alipelekwa mpakani ili arudi kwao. Upande wa pili Warundi wakamuuliza kwao ni wapi. Akawajibu, Murungu. Wakamrudisha. Akatembea kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Alipofika, mtoto alikuwa anamwita mdogo wake mama, na mpaka leo ndivyo anavyomwita.

Nilisimama pale na mkoba wangu wa Uarabuni. Aibu niliyoisikia siwezi kuiandika vizuri. Mtu mwenye haya angeaga akaondoka, au angalau angeomba msamaha akaacha ile karatasi ilale mkobani. Mimi niliomba msamaha, halafu nikaitoa karatasi. Vyote viwili, kwa mfuatano huo. Nikamwambia siku zangu zinakwisha, nikamweleza habari za hospitali, wazee, sare. Nilisikia sauti yangu inabembeleza na nikaichukia, na sikunyamaza.

Akafuta mikono kwenye kitenge akaichukua. Nikajitolea kumsomea. Akanitazama tu. Nilikuwa nimesahau kwamba yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani kwao, na kwamba ndiyo sababu mwalimu mkuu alilionea uchungu lile jina. Alisoma mpaka mwisho, midomo ameifumba.

"Hapa pako wazi," akasema, akiwa ameweka kidole kwenye zile nukta.

Nikamwambia wakili atatuelekeza. Nikaongeza ujinga mwingine, kwamba hii ni karatasi tu.

Akaikunja ile karatasi. Kisha akasema, "Hilo jina mimi limenipa jela. Wewe limekupa kazi. Lichukue lote, liishe."

Sijui kama alikuwa amenisamehe au amechoka. Sikumuuliza, niliogopa atabadili mawazo. Nikamwambia nitamfuata kesho asubuhi, nikapanda pikipiki.

Wakili wa Kibondo alikuwa na watu wengi nje siku hiyo, akatuingiza wote wawili kwa pamoja ili amalize. Yule mwanamke alikuwa amevaa gauni la kanisani na viatu vilivyopigwa kiwi. Wakili akapitia hati haraka haraka, akafika kwenye nukta, akainua kalamu.

"Jina lako halisi ni nani?"

Wakili akarudia, safari hii polepole, kama anayemsemesha mgeni. Yule mwanamke akageuka akanitazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anangoja nimwambie, basi, kwa kuwa mimi ndiye niliyelijua jambo hili tangu mwanzo.

Nikataja jina nililozaliwa nalo. Sikuwa nimelipanga, lilitoka lenyewe. Wakili akauliza la baba, nikataja la baba yangu. La mama, nikataja la mama yangu, marehemu. Kuzaliwa, nikasema Kasulu. Akaandika yote bila kuinua macho. Kisha akamwambia yule mwanamke anyooshe mkono na kurudia, naye akalitamka jina langu kwa sauti, sawasawa, kama vile ameitwa nalo miaka yote. Akaweka sahihi, akabonyeza na dole gumba.

Tulipotoka nje nilimshika mkono, nikaanza kumshukuru. Nilikuwa nalia, na nilikuwa naangalia saa, kwa sababu basi la Kasulu lilikuwa karibu kuondoka.

"Acha kunishukuru," alisema, akautoa mkono wake taratibu. "Niambie habari za huyo marehemu mama yako. Alikuwa mtu wa wapi, alilima nini, alizaa wangapi. Nikienda kuandikishwa kwa jina hili, wataniuliza."

Basi likaondoka bila mimi. Tukakaa kwenye ngazi za ofisi ile, nikamsimulia mama yangu, na yeye akawa anarudia kila neno kwa sauti ndogo, asije akasahau.