Mfuko wa Kulia

Zamani fundi aliitwa nyumbani, na Mama Mkasi aliwashonea matajiri wa mtaa ule miaka mingi akiwa amekaa kwenye baraza zao. Ulikuwa mtaa wa mabosi watupu. Siku moja kipande cha hariri kilipotea nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Mwenyekiti alimsimamisha fundi getini, akaumwaga mkoba wake chini mbele ya majirani, akaamuru avuliwe hata kilemba. Hariri haikuonekana. Hakuna aliyemwomba radhi, na tangu hapo hakuna baraza iliyomwita. Alirudi kwa wanawe watatu mikono mitupu, akaapa kwamba mtu yule naye atakuja kutazamwa vile, na majirani wale wale.

Akasubiri, na mtaa ukageuka. Mabosi walistaafu, watoto wao wakapotelea ughaibuni, pensheni ikawa haifui dafu mbele ya bei za vitu. Wakaja wenye pesa mpya, wauza simu na wakandarasi, wakaporomosha maghorofa. Wenyeji wakaanza kupangisha mabanda ya magari yao, na katika banda moja Mama Mkasi akaweka vyerehani vyake.

Hapo ndipo alipojua nani kaishiwa. Suti ikipauka, mwenyewe huileta kwa mlango wa nyuma ifumuliwe, kitambaa kigeuzwe ndani nje, ishonwe upya. Hung'aa kama mpya, ila mfuko wa kifuani, ambao hukaa kushoto, huhamia kulia. Fundi hodari huuziba na kuchana mwingine kushoto. Mama Mkasi aliwafanyia hivyo wengi, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Walikuwa wameamua kufa na tai shingoni, na yeye ndiye aliyezinyoosha hizo tai.

Siku mlango wa nyuma ulipogongwa na mwenyekiti, mvi tupu, koti la buluu mkononi, Mama Mkasi nusura ajichome sindano.

"Fundi, Jumamosi kuna uchaguzi wa kamati. Hawa wageni wa juzi wanataka kiti changu. Nigeuzie hili, ila iwe siri yetu."

Anajifanya hanijui, mama alisema moyoni. Kwa sauti alisema, "Usijali, mzee. Utapendeza mpaka watu wakutolee macho."

Alishona kwa raha ambayo hakuwa ameionja miaka mingi. Akahamisha vifungo, akatia bitana mpya, na mfuko akauacha kulia. Akaweka leso nyeupe na kuishonea humo humo, mzee asije akaupapasa. Mwenyekiti alipojitazama kiooni, mfuko aliuona upande ule ule anaouona kila siku kwenye makoti ya watu wanaomkabili. Akaridhika, akashukuru.

Jumamosi Mama Mkasi alikaa safu ya mbele, maana mpangaji naye ana kura. Mwenyekiti akasimama, akaanza kuwafundisha wageni maana ya ustaarabu. Wauza simu hawakuona kitu. Lakini daktari mstaafu aliona, akashika haraka kifua chake mwenyewe, upande wa kushoto, kuhakikisha. Mke wa mhandisi akamfinya mumewe. Kicheko kikaanzia nyuma kikaja mbele, na waliocheka zaidi ni wale waliovaa nguo zilizogeuzwa. Mwenyekiti akafuata macho yao, akainama, akauona mfuko. Akaufunika kwa kiganja. Mama Mkasi hakucheka. Aliitazama ile sura mpaka akatosheka, na kiti kikaenda kwa mkandarasi.

Jumatatu mzee alikuja kwa mlango wa mbele, banda limejaa wateja.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Unaniuliza mimi? Fundi uliyemwaga mkoba wake getini kwako, ati kaiba hariri?"

Mzee akamkazia macho, akatafuta, akatafuta tena. Usoni mwake hamkuwa na uongo.

"Nisamehe, mama. Walikuwa wengi."

Mama Mkasi alihisi kama kaibiwa. Miaka yote hiyo alikuwa amemlea mtu huyu rohoni, kumbe yeye mwenyewe hakuwahi kukaa rohoni mwa mzee hata siku moja. Hasira ikampanda upya, mbichi kuliko ile ya kwanza. Akavuta kiti katikati ya banda, akakifuta vumbi kwa kiganja.

"Kaa basi, mzee," akasema kwa sauti iliyowafikia wateja wote. "Hao wengi utawakumbuka mmoja mmoja. Tutaanza na mimi."