Masikio Tuliyoyapeleka Kilimambogo

Suruali yangu ndefu ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyekufa. Tulikuwa tunakaa kwa nyumba za wafanyakazi, shamba moja la kahawa huko Ruiru, na mzee jirani alipozikwa, mjane wake akaniletea kaki yake. Mama akaikunja chini, akanifunga kiunoni na kamba ya katani. Siku hiyo hiyo niko kwa foleni ya mizani, debe la kahawa kichwani, mikono yote miwili juu, kamba ikakatika. Nikawa nachagua, nishike debe ama nishike suruali. Nilishika debe. Akina mama walicheka mpaka karani akasimamisha kupima.

Sijui kwa nini naanzia huko. Labda ni kwa sababu tangu siku hiyo nilikuwa nawaza sana juu ya nguo, kwamba hiki kitambaa kilianzia wapi. Shule nilikuwa nimeacha darasa la tatu, wa kuniambia hakuna. Nikafika umri wa kutafuta kazi, nikaenda Thika, kwa viwanda, nikajionea mwenyewe. Nguo inatoka kwa kelele.

Wewe hujasikia kelele kama hujasimama katikati ya mashine za kufuma. Hata ukimpigia mtu mayowe kwa sikio, haoni ila meno yako. Kwa hivyo tulikuwa tunaongea na mikono. Ukisugua tumbo, chai imefika. Ukijivuta kidevu, supavaisa, msimamizi wetu, anakuja, kwa sababu alikuwa na ndevu. Ngumi juu, zima mashine, simama hapo hapo, kuna kitu. Tulizeeka na hayo, na kiwanda kilipofungwa kila mtu akaenda na masikio yake yaliyobaki. Yangu ni nusu. Ya mwenzangu wa mashine ya pili yalikuwa karibu kuisha, lakini hakuna mtu angemwambia hivyo. Ukimwambia alikuwa anasema, "Si mimi sisikii, ni nyinyi mnaongea kama mmemeza uji wa moto."

Ni yeye alitaka twende kulala mbuga ya Kilimambogo tuone wanyama. Tulikuwa watatu, mimi, yeye, na yule wa kupaka rangi vitambaa, ambaye siku hizi anauza mananasi na ana pikapu. Mimi nilidhani anataka kuona mbogo. Njiani ndiyo akasema ukweli. Mji una kelele nyingi, alisema, ndiyo maana masikio yake yamejifunga. Akilala pahali pametulia yatafunguka. Muuza nanasi akaniangalia kwa kioo.  Ungesema nini?

Tukapiga hema, tukachoma nyama yetu. Shida ya watu wa kiwanda ni kwamba hatujui kunong'ona. Mimi nikisema polepole "ona nyani," nyani wote wamehama. Tukakubaliana midomo ifungwe, tuongee na mikono kama zamani. Ngai, hiyo jioni ilikuwa tamu! Tuliona swala wakipita karibu hivi, na sisi tunavutana videvu na kucheka bila sauti. Kabla ya kulala mwenzangu akashika mkono wangu akasema, "Nasikia ndege. Nawasikia, bwana." Uso wake ulikuwa kama wa mtu amepewa mtoto.

Asubuhi akachukua sufuria kwenda kijitoni kuteka maji ya chai. Sisi tulikuwa tunakunja blanketi. Nikainua macho, nikaona mbogo ametoka kichakani nyuma yake. Mmoja, mzee, wa peke yake. Askari wa mbuga, mama mmoja wa kutaniana sana, alikuwa ametuonya wa hivyo ndio wabaya.

Sasa sikia tulichofanya. Tuliinua ngumi. Wazee wawili wazima, ngumi juu, tunauonyesha mgongo wa mtu! Ni mazoea. Tuliposhtuka ndiyo tukaanza kuita. Tuliita jina, tukaita jina la baba yake, tukaita mpaka koo ikawasha. Yeye ameinama tu, anaosha sufuria kwa mchanga, kichwa anakitikisa kidogo kama mtu anasikiliza wimbo.

"Nipige honi?" muuza nanasi akauliza.

"Ukipiga, mbogo si ataruka mbele? Na mbele ni yeye."

"Na nisipopiga?"

  Alikuwa na ufunguo wa pikapu mkononi, na mimi nimeushika mkono wake, na mpaka leo sijui kama nilikuwa namzuia ama najishikilia.

Mbogo akasogea. Ndipo mwenzangu akajaza sufuria, akageuka. Tukainua ngumi tena. Aliziona, akasimama kama mashine imezimwa. Akauliza kwa mkono, nini? Na sisi hatukuwa na ishara ya mbogo. Kiwandani mbogo angetoka wapi? Nikajivuta kidevu, supavaisa anakuja. Akacheka. Aki ya Mungu alicheka, akafikiri ni mzaha. Kisha akaona nyuso zetu, akageuza shingo polepole.

Waliangaliana. Sisi hatukufanya kitu, kwa sababu kitu cha kufanya hakikuwepo. Halafu mbogo akapuliza pua, akarudi kichakani kama mtu amechoka na mazungumzo.

Mwenzangu akaja, akaweka sufuria kwa mawe. Maji hayakuwa yamemwagika.

"Mliita?"

Muuza nanasi akaangalia chini. Mimi nikasema, "Kidogo."

Wakati huo yule askari akafika mbio, bunduki mkononi, anahema. Akamshika mwenzangu bega, wakawa uso kwa uso. "Guka, babu yangu, uko sawa? Hizo kelele nimezisikia mpaka kule geti, mbali hivyo!"

Midomo ya watu mwenzangu alikuwa anaisoma kuliko sisi wote. Akauliza, "Geti hii ya huko chini?"

"Ndiyo, guka."

Ndege walikuwa wanalia juu ya miti. Aliwaangalia, huyu, halafu yule, vile midomo yao inafunguka, kama anayetafuta sauti imeenda wapi. Akaingia hemani, akatoka amevaa koti. Nilimwambia chai iko karibu, nikasugua tumbo aone. Akatikisa kichwa bila hasira. Akashika njia ya kwenda chini, akapita geti. Hajarudi kwetu mpaka leo.