Maharagi ya Manjano Inaiva kwa Saa Ngapi

Mi nilisoma paka kufika mwaka wa pili wa shule ya primaire, kisha mama akanitosha mule nikabebe wadogo zangu mugongoni. Basi. Lakini leo kuna kompyuta moya Lilongwe yenye kujua maneno ya kinywa changu, na maneno ingine nilisema mi mwenyewe bayafute. Cheka tu. Mi nachekaka kila siku.

Mi nauzishaka maharagi ku soko ya hapa Dzaleka, kambi ya bakimbizi. Muvuno ikitoka nashuka Nathenje, nanunua, naleta na minibasi: ya manjano, nyekundu, ya madoadoa. Nina mujukuu moya wa kike, mutoto wa binti yangu wa kwanza, ananiita koko. Ule mutoto alisomea kompyuta hapa hapa kambini, mu nyumba ya mabati yenye moto kama kikaango. Akamaliza, kazi hakuna. Miaka mbili alikaa anasuka majirani nywele, na vidole vyake havijui kusuka hata kidogo. Bamama balikuwa banatoka pale kwangu kama kuku yenye kunyeshewa.

Sasa kuna madamu moya, mutu wa Uvira, amekaa Lilongwe tangu zamani. Ana biro yake ya kazi mu mutaa wa Area 25, na kazi yake ni kupangia mashule chakula cha batoto. Akamwambia mujukuu wangu: nitengenezee ontoloji ya maharagi, uniletee. Ikiwa muzuri, unaanza kazi kwangu. Ikiwa mubaya, nitatafuta mwingine.

Ontoloji, usiogope ile jina. We fikiria kabati. Kabati kubwa njo chakula, ndani yake kuna sanduku ya maharagi, ndani ya sanduku kuna ya manjano. Kila moya unaipatia sifa: rangi, muda wa kuiva, inafanya nini mu tumbo. Na kila sifa iko na jibu lake, bo ba kompyuta banaita valere. Rangi njo sifa, manjano njo valere. Hata mi nilielewa, na rimoti ya televizyo inanishindaka.

Mutoto hapangi ile kabati na mikono. Anaandika kode, ni kama kuamrisha kompyuta kwa barua. Anaandika jina ya haragi, nukta, jina ya sifa, kisha alama ya sawasawa, kisha valere. Ukiweka sawasawa, valere ya zamani inaondoka, mupya inakaa fasi yake. Lakini kuna neno ingine ya kuongeza. Ukiandika ile, ya zamani inabaki palepale na mupya inakaa pembeni yake, sawa na bageni benye kusukumana ku benchi ya kanisa. Ukimaliza unahifadhi. Usipohifadhi, umeme ikienda, na umeme ya hapa inatembeaka kama mulevi, kazi yote imekufa.

Basi akaanza kuniuliza. Mara ya kwanza alinikuta ku soko, bamama batatu banachagua maharagi mbele yangu. Akasema koko, ya manjano inaiva kwa saa ngapi? Sasa we ungejibu nini, bakliya benye kununua banasikiliza? Nikasema saa moya tu, hata makala ya kupikia haitaisha. Akaandika.

Kisha tukapika ile ile ya manjano ku nyumba, ya muvuno ya mwaka jana, ilikuwa imekaa mu gunia paka imekuwa mawe. Tukala tumechoka kungoja. Akauliza tena, nikamwambia saa tatu. Akaandika. Muvuno mupya ikatoka, nikasema saa moya na nusu. Akaandika. Siku ingine aliniuliza nikiwa na hasira, nikasema inategemea mupishi kama ana akili. Na hapo kwa tumbo nikamwambia: hewa, tena mingi, pasta asikule hii siku ya mungu mbele ya mahubiri. Nilikuwa nachekesha mutoto. Kumbe vidole vyake havikusimama kuandika.

Lazima ujue kitu moya. Ule mutoto nilimulea mi. Kwangu mutoto hafuti neno la mukubwa. Nikikosea njia, banapita nayo na mi paka mwisho, kisha tunarudi wote. Nilifundisha hivyo na fimbo, na nilikuwa najisifu.

Siku ikafika, tukapata karatasi ya kutoka kambini, tukaenda Area 25. Pasta wetu naye akakuja, juu yeye njo aliandika barua ya kusifu mutoto. Alivaa koti. Pasta wetu ni mutu munene, wa polepole, hachekaka. Mujukuu wangu mikono ilikuwa baridi kama samaki, hakukunywa hata chai ya madamu. Mi nilikunywa ya kwangu na ya kwake.

Madamu akasema tuanze na kitu rahisi. Ya manjano, muda wa kuiva. Mutoto akabonyeza. Ukuta wote ukajaa, sababu balikuwa na ile mashini ya kurusha picha: saa moya, saa tatu, saa moya na nusu, inategemea mupishi kama ana akili. Na chini yake, bila mutu kuuliza, ku sifa ya tumbo, hewa mingi na pasta wetu na mahubiri yake, herufi kubwa kama kichwa ya mutoto.

Niliangalia chai yangu. Pasta aliangalia ukuta. Alisoma polepole, kama anasoma Maandiko.

Madamu hakukasirika, na ile njo iliniogopesha zaidi. Akamwelezea mutoto: mupishi wa shule akiuliza kompyuta na akipata majibu ine, batoto batakula maharagi mabichi ao kuni zitaisha bure. Kisha akauliza mbona hakubadilisha valere, alikuwa anaongeza tu. Kwani hajui alama ya sawasawa?

"Najua, madamu," mutoto akasema. "Lakini ile ya kwanza ni koko njo alisema. Naweza aje kufuta maneno ya koko?"

Madamu akafunga daftari lake. Polepole. Nikaona kazi ya mutoto inafungwa pamoja na ile daftari, na kumbe ni mi niliifunga, na fimbo yangu na kinywa changu.

Nikasema, "Futa."

Mutoto akanigeukia.

"Futa ile ya saa moya. Nilidanganya. Kulikuwa bakliya."

Pasta akakohoa. Mi nikaendelea, juu ukishaanguka mu matope haina maana kushika nguo. Nikasema hata ile ya akili ya mupishi afute, ilikuwa hasira. Zile mbili zingine zote ni kweli, lakini si za haragi moya: saa tatu ni ya muvuno ya zamani, saa moya na nusu ni ya mupya. Madamu akafungua daftari tena.

Mutoto akavuta kiti. Akafanya sifa mbili fasi kulikuwa moya, akaipatia kila moya valere yake na alama ya sawasawa, akahifadhi, akafunga yote, akafungua tena ili madamu aone imebaki. Ukuta ukaonyesha mistari mbili safi. Saa moya yangu ilikuwa imeenda. Nikuambie kweli, iliniuma kidogo, nilikuwa nimeitumia miaka mingi.

Ikabaki ile ya tumbo. Mutoto akaweka kidole tayari kuifuta yote, na pasta njo akainua mukono.

"Ile ya hewa uiache," akasema. "Ni kweli. Toa tu jina langu."

Madamu alicheka paka akatosha miwani ku macho. Akamwambia mutoto aje siku ya kwanza ya juma, na aje amekunywa chai.

Sasa mujukuu wangu anatumika kazi kwa madamu, na bamama ba hapa nywele zao zimepona. Na mi ku soko, bakliya bakiniuliza ya manjano inaiva kwa saa ngapi, nauliza kwanza banataka ya muvuno gani, kisha nasema saa tatu ni saa tatu, juu mutoto anaweza kuwa nyuma yangu. Na unajua nini? Bananunua vilevile. Njo kitu kinaniuma paka leo: miaka yote ile nilidanganya bure.