Chai ya Moraa Yenye Harufu ya Moshi

Wakati wetu chai haikupimwa joto kama mtoto mwenye malaria. Nyinyi mliozaliwa nami, mliokula viazi vitamu kwa chai ya sufuria iliyochemka mpaka ikafura na kumwagikia kuni, mtanielewa. Maji yalichemka, majani yakaingia, maziwa yakafuata, sukari kama ipo, na aliyeungua ulimi alijifunza subira. Leo mjukuu wangu Moraa ana birika la umeme lenye namba zinazowaka, na mimi naambiwa nisiliguse mpaka namba zifike zinapotakiwa kufika. Nimezaa, nimezika, nimelima mlima mzima kwa jembe, lakini maji ya chai bado sijahitimu.

Moraa alikwenda Uchina kusomea mambo ya mashine. Akarudi na cheti, ambacho nimekitundika mahali ambapo hata anayepita kwenda kisimani anakiona. Akarudi pia na kopo la majani meusi ya chai, pamoja na vikombe ambavyo kuku wangu angedhani ni vya vifaranga. Hebu fikirieni. Mtoto anatoka hapa kwetu, nje kidogo ya Keroka, mahali ambapo ukiteleza njiani unaangukia mchai. Anavuka dunia nzima, anasoma mpaka macho yanahitaji miwani, halafu zawadi anayomletea bibi yake ni majani ya chai. Nampenda sana, lakini kuna akili nyingine husahaulika uwanja wa ndege.

Chai hiyo karibu ituvunjie ndoa. Kijana anayemtaka Moraa ni wa Nyacheki, na alilelewa na bibi yake, mama mzee wa kanisa la Jumamosi. Huyo mama hanywi chai wala kahawa, na ilijulikana mpaka huku kwetu kwamba msichana wa kwanza aliyeletwa na kijana alirudishwa kwao baada ya mama mzee kuona kahawa kwenye mkoba wake. Akikataa huyo, kijana hawezi kumvuka. Sasa siku ya kuja kumwona Moraa ikapangwa, na Moraa akatangaza kwamba atawapa wageni chai ya Uchina.

Ngoja kwanza. Kabla ya kuwaambia walivyokuja, niwarudishe tulikotoka, kwa sababu vijana wa leo wanadhani chai ilianza siku walipoipiga picha.

Nakumbuka mlima wetu ukiwa kijani mpaka unaumiza macho. Baba alikuwa mzee wa kanisa hilohilo la Jumamosi. Alipanda chai, akaipalilia kama mtoto wa mwisho, na alfajiri alituamsha tukachume kabla ya shule. Tulijifunga gunia kiunoni, umande ukatulowesha hata hivyo, vidole vikawa vyeusi na wino wa majani usiotoka hata kwa majivu. Lakini kuinywa, hapana. Kanisani tuliambiwa chai ni ulevi mdogo. Chai ilikuwa ya kuwauzia watu wa mataifa, waende nayo motoni wenyewe. Kwa hiyo sisi tulichuma dhambi, tukaibeba kwa kikapu mpaka kituo cha kununulia majani, tukalipwa, tukatoa zaka. Sikuwahi kusikia zaka hiyo ikirudishwa kwa sababu ilinuka majani.

Mama alikuwa na maoni yake, ila hakuyatoa kwa mdomo. Pale kituoni kulikuwa na karani mwenye kalamu sikioni, na ukichuma majani makubwa aliyamwaga chini watu wote wakiona. "Hii ni mboga," alimwambia mama siku moja. "Rudi nayo nyumbani ukapike." Watu walicheka. Mama akainama, akayaokota yote, akarudi nayo nyumbani, akapika.

Kukausha chai nyumbani tuliambiwa ni hatia. Yote ilitakiwa kiwandani. Kwa hiyo mama alikuwa anaikosea serikali na kanisa kwa mkono mmoja, na mkono mwingine unasonga ugali wa wimbi. Aliyatandaza majani kwenye uchaga wa juu ya meko mpaka yakalegea kama sikio la mbuzi. Kisha aliyaviringisha kwenye jiwe la kusagia, akiyakandamiza kwa viganja, maji ya kijani yakitiririka. Akayafunika kwa jani la mgomba. Ukilifunua baadaye, majani yamegeuka rangi ya shaba, na harufu yake ni kama mapera yaliyoiva yakaangukia nyasi. Hapo ndipo aliyakausha kwenye kipande cha chungu kilichovunjika, juu ya kuni za saipresi, tena mbichi kwa makusudi, moshi ukajaa mpaka tunatafutana kwa kupapasa. Msidhani moshi ule ulikuwa wa ladha. Ulikuwa wa kuficha. Jirani akipita alisema tu, "Kwa mzee wa kanisa leo kuni zimewashinda."

Tulikunywa baba akiwa kwenye mikutano ya kanisa. Vikombe vya bati, maziwa yaliyotoka kukamuliwa, na vita vya kimyakimya juu ya nani atapata utandu. Mama alisimama mlangoni, nusu ya mwili ndani na nusu nje. "Kunyweni kama watu wasiokunywa," alituambia. Jaribuni kunywa hivyo siku moja. Unameza bila koo kusikika, unaungua bila kulia. Aliyefyonza alipigwa kofi la kisogo, nalo pia lilipigwa kimyakimya. Halafu tulitimka na tumbo la moto kwenda kuteleza na vigogo vya migomba mteremkoni, tukipita katikati ya michai tukipiga kelele zote tulizokuwa tumezimeza.

Shuleni mwalimu alituketisha dirishani kwa sababu ya kunuka moshi. "Treni imefika," alisema kila tulipoingia, na darasa zima likacheka. Shule niliacha mapema, lakini si kwa sababu ya treni. Na baba? Baba alirudi jioni, akasimama mlangoni, akanusa, akasema, "Kuni za leo ni mbichi." Mama akajibu, "Ni mbichi." Basi. Nimekuja kugundua nikiwa mtu mzima kwamba baba alikuwa na mikutano mingi kuliko kanisa lilivyokuwa na mambo ya kujadili.

Nilipoolewa kwa Wakatoliki chai iliingia sebuleni na heshima zake zote, na hayo ya zamani nikayaacha yapoe. Mpaka Moraa aliponikalisha kwenye kile chumba chake cha jiko chenye vigae, gesi na kimya, ili anifundishe kunywa chai.

Kwanza aliviosha kwa maji ya moto vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi. Akatia majani kwenye kibirika, akamimina maji, halafu maji yale akayamwaga kwenye sinki.

"Unamwaga chai?" nikamuuliza.

"Hayo ya kwanza si ya kunywa, Magokoro." Magokoro ndiyo bibi kwa lugha yetu. "Ni ya kuamsha majani."

"Kwani yamelala?"

"Yametoka mbali."

"Hata mimi nimetoka mbali. Mbona hanimwagii mtu maji ya moto?"

Akacheka, akamimina tena, akahesabu kwa midomo kama mtu anayeomba rozari, akanipa kile kikombe cha vifaranga. Hakuna maziwa, hakuna sukari. Kwetu hiyo inaitwa turungi, na tulipewa ng'ombe akikauka. Turungi ya kopo lililochorwa maua, iliyokuja kwa ndege, ilibidi niikaribie kwa unyenyekevu.

"Sasa vuta kwa kelele," Moraa akasema. "Sruuup. Hewa iingie, ndiyo utasikia ladha."

Mimi, niliyekuzwa kwa makofi ya kisogo, nafundishwa kufyonza na mtu mwenye cheti. Nikafyonza. Ilikuwa tamu kwa mbali, kama ganda la muwa, na nyuma ya utamu kulikuwa na moshi. Si moshi wa kuungua. Ule moshi wa kuni zenye utomvu, unaokaa kwenye blanketi na kwenye nywele za mama.

"Unasikia nini?" akaniuliza.

"Nasikia moshi."

"Ndiyo yenyewe. Wanaikausha juu ya moto wa misonobari."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi, Magokoro. Watu wanaitafuta dunia nzima."

Nikamfikiria karani wa kalamu sikioni. Nikamfikiria mwalimu na treni yake. Kumbe tuliketishwa dirishani kwa kunuka kitu ambacho watu wanakitafuta dunia nzima. Moraa sikumwambia hayo. Nilimwambia tu afiche kopo lile kabatini mpaka wageni waondoke, awape maziwa ya moto kama mtu mwenye akili.

"Nikianza kumficha yule mama mzee leo, nitaacha lini?"

"Ukishazaa," nikamwambia. "Au akifa."

Hakucheka. "Hapo nitakuwa nimeolewa na kijana, au nimeolewa na kabati?"

Hawa watoto wa siku hizi hawajui kuficha. Wakila, wanaonyesha. Wakilia, wanaonyesha. Nikaona basi, tumekwisha.

Siku ikafika. Mama mzee aliingia amejitanda kitambaa cheupe, ameshikwa mkono na kijana, na nyuma yake mama mdogo wa kijana. Tulikuwa wa rika moja, mimi na huyo mama mzee, nikaona kwa magoti yalivyomlalamikia kwenye kiti. Tuliomba, tukala. Nilikuwa nimeweka chupa ya maziwa ya moto karibu na mkono wake kama mlinzi. Ndipo Moraa akatoka jikoni na sinia.

"Maziwa yapo, Mong'ina," akasema, kwa lile jina la upole tunalomwitia mama mzee. "Na hii ni chai ninayokunywa mimi. Nimeona nisikufiche."

Mama mzee akainua kikombe kimoja kwa vidole viwili, akakigeuzageuza.

"Hiki ni kikombe, au ni kifuniko cha soda?"

"Ni kikombe, Mong'ina."

"Unainywa hii kila siku?"

"Kila siku."

"Na huyu mjukuu wangu?"

Nilimkanyaga Moraa mguu chini ya meza. Mguu haukusaidia.

"Na yeye. Akija kunitembelea humaliza birika."

Kijana alitazama viatu vyake kana kwamba vimemwita. Mama mzee akapeleka kikombe puani, kama askari anayenusa chupa ya mtuhumiwa. Akakaa hivyo. Nikasubiri kikombe kirushwe. Hakikurushwa. Alivuta pumzi, akaishikilia, akavuta nyingine, na uso wake ukalegea taratibu.

"Mbona hii inanukia jikoni kwa mama?" akauliza, na hakuwa akimuuliza Moraa. Alikuwa akiniuliza mimi.

"Wako alitumia kuni gani?" nikamuuliza.

"Saipresi. Mbichi."

"Akaificha wapi?"

"Kwenye kibuyu cha mbegu za maboga. Baba hakupenda maboga."

Basi tukacheka, vikongwe wawili, mpaka kitambaa chake kikateleza, na wale vijana wakitutazama kama tumelewa. Kumbe na Nyacheki nako karani alikuwa akiwarudishia watu mboga.

Mama mdogo wa kijana akataka kumpokonya kikombe, kwa wema. "Mama, wewe si hunywi?"

"Sinywi," akasema. "Niliapa sitakunywa, na sitakunywa. Lakini sikuapa kuacha kupumua."

Akaishika puani mpaka ikapoa, akamrudishia Moraa kikombe kikiwa kimejaa. "Hii imekufa. Nipe ya moto." Moraa akamimina. Ikapoa, akamimina tena. Chai ya kuvuka dunia, ikinuswa kama ua, bila hata tone kupita mdomoni, na Moraa akihudumia kwa uso wa harusi. Wageni walipoinuka, mama mzee alimshika Moraa kidevu.

"Yule wa kwanza watu wanasema nilimfukuzia kahawa," akasema. "Kahawa haikuniudhi. Nilimuuliza ni ya nani, akasema si yake." Kisha akamgeukia kijana. "Na wewe unayemaliza birika za watu, tutaongea nyumbani. Huyu mlete."

Walipokwisha kuondoka Moraa alilia kidogo, akaosha vikombe vyake, akanitengenezea chai nikaketi nayo sebuleni, mlango wazi, watu wakipita njiani wakinisalimu. Nikainywa mpaka mwisho. Je, ni ileile ya mama? Moshi ni uleule, naapa. Lakini ile tuliinywa na masikio yetu yote yakiwa nje, tukisikiliza hatua za baba, na kila fundo lilikuwa tamu kwa sababu huenda likawa la mwisho. Hawa wa leo wana kila aina ya majani, na vikombe vya kila aina, na hakuna anayewasimamia mlangoni. Wanakunywa wakitazama simu, wanaacha nusu.

Ruhusa na mimi ninayo sasa, tele. Naweza kufyonza mpaka Keroka wasikie. Waliokuwa wakinikataza ndio sina. Wamelala pale chini kwenye migomba, baba upande huu na mama upande ule, na hata nikitega sikio vipi, hakuna anayepanda kuja kusema kwamba kuni za leo ni mbichi.