Kituo cha Afya cha Bihambwe Nilichokiandika Mimi

Katika kikundi chetu cha ramani ya mtandaoni tulikubaliana kwamba mtu asiandike kazi ya jengo kabla ya kuuliza wenyeji. Mimi nilipita Bihambwe kwa pikipiki, nikaona mama mwenye koti jeupe na watu wamepanga mstari mlangoni. Nikaandika "kituo cha afya" bila hata kushuka.

Juzi niliteleza huko huko, mguu ukavimba. Nikampa dereva wa pikipiki simu afuate ramani hadi kituo cha afya; ikatufikisha kwenye mlango ule ule.

"Hapa tunafanya fromage ya maziwa tu, Papa," alisema yule mama mwenye koti jeupe, akinionyesha jibini rafuni. Hata hivyo alinifunga mguu, akaninywesha maziwa ya moto, akatuelekeza kituo cha kweli. Ninamshukuru sana.

"Wewe njo mugonjwa wa tatu," akaongeza. "Nani aliandika hapa iko docteur?"

Nikajifanya ninatazama ng'ombe. Dereva akabonyeza jengo hilo kwenye ramani ya simu yangu, akasoma kwa sauti jina la aliyeliandika: langu.