Stadi za ekzosi zilikatika Masanze, mbegu ziko Mikumi

Wakuu, kwema?

Naona humu kila mara mtu analia na nati za ekzosi zilizoganda. Nami niwasimulie yangu. Siongezi chumvi, kutu yenyewe ilitosha.

Ni enzi za Ujamaa. Nimetoka chuo kikuu na shahada ya siasa, nimepangiwa kijiji kimoja cha Masanze, Kilosa. Wananchi wananiita Ndugu Mtaalamu. Mtaalamu wa nini, hakuna aliyeuliza, nami sikuharakisha kufafanua.

Kijiji kilikuwa na pikapu moja kuukuu. Mbegu zetu za mahindi zilikuwa ghalani Mikumi, na mawingu yalishaanza kujikusanya. Mvua ikishuka, barabara haipitiki. Bila mbegu, msimu umekwenda.

Shida ilikuwa ekzosi. Stadi mbili, vile vyuma vyenye uzi vinavyoishikilia kwenye injini, zilikuwa zimeliwa na kutu. Gari linanguruma kama mashine ya kusaga, moshi unaingia kwa dereva, na safari ya mwisho joto lilibabua nyaya.

Dereva wetu, Mzee Athumani, akagoma.

"Mnataka niwaletee mbegu, au niwaletee msiba?"

Stadi mpya alikuwa nazo, kazificha chini ya kiti. Kazi ilikuwa kutoa za zamani.

Hapo ndipo tulipoharibu.

Gari ni la wote, basi na spana ni ya wote. Mwenyekiti wetu, Bi Tabu, akapanga watu foleni kila mmoja avute kidogo, asije mtu akasema kabaguliwa. Nilisifu mpango huo. Nikatoa na hotuba fupi kuhusu nguvu ya umma.

Nguvu ya umma ikaikata stadi ya kwanza. Tukahamia ya pili. Nayo ka!



"Ndugu Mtaalamu," akasema Mzee Athumani, "hotuba imebaki nyingine?"

Bi Tabu hakucheka. "Mbegu zitakuja. Semeni tunafanyaje."

Nilichokiona ni kimoja: kila mtu alivuta kwa nguvu zake, na hakuna aliyekaa na chuma muda wa kutosha akajua kinakataa wapi. Nikasema spana ishikwe na mkono mmoja tu hadi mwisho. Walinuna, wakakubali. Spana kwa Mzee Athumani, moto kwangu, nta ya nyuki kwa Bi Tabu, aliyekuwa na mizinga yake.

Tukafungua kabureta, tukaweka petroli mbali na moto.

Stadi ya kwanza ilibakiza kisiki. Tukakichonga kwa tupa pande mbili ili spana ishike. Nikawa naleta nondo iliyopashwa hadi ikawa nyekundu kutoka kwa mhunzi, naikandamiza kwenye kisiki. Bi Tabu anagusisha nta, inayeyuka na kunywewa kwenye uzi. Mzee anasogeza spana mbele upana wa unywele, anarudisha vivyo hivyo. Kikipoa, tunaanza upya.

Vidole vyangu viliungua hadi nikasahau Kiingereza chote.

Jua limeshapinda, kisiki kikalia: kwii. Watu wakaanza vigelegele.

"Nyamazeni!" Bi Tabu akafoka. "Mwenzenu anasikiliza."

Kikatoka.

Ya pili ilikatikia ndani kabisa. Tukaazima drili ya mkono ya seremala, tukatoboa katikati, tukagongea mkia wa tupa, ule unaoingia kwenye mpini, wenye pembe nne, spana ikashika hapo. Ukateleza. Tukapanua tundu. Ukateleza tena. Mzee akanyanyua nyundo kwa hasira, nikamshika mkono.

"Mzee wangu, huu mkia ukivunjikia humo, hakuna drili itakayoutoboa."

Akashusha pumzi. "Haya. Lete nondo."

Moto, nta, mbele, nyuma. Tulipokwisha choka hata kutukanana, stadi ikazunguka, ikatoka. Usiku huo huo tukafunga stadi mpya, ekzosi na kabureta.

Asubuhi tukaenda Mikumi, tukapakia magunia, tukayafunika turubai, tukageuza. Tumekaribia kijijini, Mzee akapunguza mwendo.

"Unasikia?"

Tone moja juu ya paa. Kisha mengi. Gari lililokuwa halituachii hata kuongea lilikuwa kimya kiasi cha kusikia mvua ikianza, na mbegu ziko nyuma yetu.

Nilichojifunza: stadi iliyoganda usishindane nayo. Pasha, lisha nta, nenda na rudi, na spana isibadilishe mikono. Nguvu ya umma iwekeni kwenye kusukuma gari.

Haya wakuu, ya kwako ilikatikia wapi, na nani alikuwa anavuta? Mtajeni hapo chini.